Kimo Rasmi cha Mkurugenzi

Umma ulitangaziwa, kwa redio na kwa vipaza sauti, kwamba Idara ya Vipimo vya Anga imewafungulia milango wabunifu wa nyumbani. Na kweli ilifunguliwa yote, isipokuwa mmoja: wa Mkurugenzi, mwenye muhuri.

Fundi redio alikaa nje ya mlango huo miezi kumi na minne. Mapajani alipakata altimita aliyoiunda mwenyewe, ya kuonyesha ndege iko juu kiasi gani: kihisi cha mgandamizo wa hewa kilicho kidogo kama ukucha, betri na kioo cha namba, vyote ndani ya kopo la maziwa. Bila muhuri, ndege waliyoijenga na baba yake haikuruhusiwa kuruka, na macho ya baba yalikuwa yakififia. Daktari alisema yangeona hadi mwisho wa mwezi tu. Fundi alitaka baba aione ikiruka, basi.

Siku ya picha za ripoti ya mwaka, Mkurugenzi alihitaji mbunifu mmoja wa kusimama naye. Fundi akaitwa.

“Washa,” Mkurugenzi akaamuru.

Kwenye meza ya katibu muhtasi, mlangoni, kopo lilisoma mita arobaini. Wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Thelathini na nane.

“Yaani mimi niko chini ya katibu wangu?”

“Si wewe, mheshimiwa, ni hewa. Kiyoyozi kinaisukuma humu, mlango umefungwa ndi, inabanana, kipimo kinadhani tumeshuka.”

“Usiniletee hewa, dada! Mimi nimeteuliwa!”

Kamati ya dharura ikakaa. Ikapendekeza katibu muhtasi ateremshwe mita mbili.

“Thubutu!” akasema katibu mwenyewe.

Basi kiti cha Mkurugenzi kikapandishwa juu ya makabati. Akakaa shingo upande, dari ikimkwaruza kipara. Kopo, lililobaki mezani, bado lilisoma thelathini na nane.

Fundi aliogopa kunyimwa muhuri, lakini kuichezea namba hakuweza. Akaufungua mlango. Arobaini.

“Iandikwe!” Mkurugenzi akapiga kelele kutoka juu.

Mwanasheria akakohoa. Namba ya kipimo kisicho rasmi haiwezi kuwa rasmi. Muhuri ukagongwa kwenye kopo palepale, na waraka ukatoka: mlango ubaki wazi saa zote za kazi.

Jumamosi ndege ilipita juu ya mabati ya nyumbani. Baba aliifuata kwa macho mpaka ikatua, akalia mbele za watu bila haya.

Jumatatu watu mia na ishirini waliingia kwa Mkurugenzi bila kubisha hodi, kila mmoja na faili lake. Kufika saa nne jasho linamtoka Mkurugenzi, akanyoosha mkono aufunge mlango.

“Utashuka, bosi,” katibu muhtasi akamwambia, huku akiendelea kuchapa.