Behewa Langu Lilivyonusurika Kuzikwa

Wenzangu wa stoo ya mizigo Tabora, leo nimepata aibu ambayo sikujua kama inauzwa Dar es Salaam. Mchana kweupe, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi. Hamisi, wewe ndiye mwenye sauti, wasomee wenzio barua hii. Lakini mmalize chai kwanza. Mtu akicheka na chai mdomoni atalowesha magunia ya watu.

Nianze mbali kidogo, maana nimetoka mbali. Niliondoka hapo nikiwa karani kijana wa kuhesabu mabehewa, elimu ya sekondari bado mbichi kichwani. Nikaenda Kigoma, nikalichoka ziwa. Nikaenda Mwanza, nikalichoka ziwa jingine. Nikapita Tanga kwenye mkonge, Mombasa kwenye makuli, Kilosa kwenye pamba. Kila nilikofika nilisema hapa ndipo, na kila mara baada ya muda miguu ikaanza kuwasha. Nimefika Dar es Salaam nina miaka arobaini na ushee, sanduku la bati, na behewa moja kichwani.

Mnalijua. Lile kuukuu la njia ya pembeni, nyuma ya stoo yenu. Lililojengwa na Wajerumani, kisha Waingereza wakapaka rangi yao juu, kisha jua likala rangi ya Waingereza mpaka herufi za Wajerumani zikachungulia tena kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia. Utoto wangu wote nililala kivulini mwake. Basi hapa Keko, penye maseremala kila hatua, nikaamua kulitengeneza upya kwa mbao. Dogo, lakini la kweli. Mlango unaoteleza kwenye reli yake. Komeo la mlango. Paa la bati lililopinda kama mgongo wa kobe. Rangi nilichanganya mwenyewe, nikaianika, nikaikwangua, nikachanganya tena, hadi ikafanana na kitu kilichokaa juani miaka mingi.

Kwa urefu lilitoka sawa na mtu mzima aliyelala. (Kipimo hiki kishikeni.)

Chumba changu ni chembamba. Behewa lilikaa kitandani, limeegemea ukuta, mimi nikalala mkekani. Nikitaka kufanya kazi upande wa pili, naligeuza taratibu, kama unavyomgeuza mgonjwa. Mwenye nyumba wangu, Bi. Mwanaidi, mama wa makamo mwenye huruma nyingi na subira kidogo, juzi alisimama mlangoni.

"Petro, mwanangu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chumba hiki nilikupangisha wewe. Habari ya treni hatukuelewana."

"Si treni, mama. Ni behewa tu."

"Basi hilo behewa tu, Jumamosi jioni nisilikute. Nikilikuta, mtaondoka wote wawili, mkavutane huko mbele."

Bahati nikasikia kuna maonyesho ya kazi za mikono kwenye ukumbi wa jamii, Temeke. Kazi itakayopendeza itawekwa ukumbini moja kwa moja, karibu na mlango, kila anayeingia aione. Nikaona Mungu amejibu. Behewa lipate nyumba, na mimi nibaki na yangu! Sharti moja tu: vitu vipokelewe leo Jumamosi, na saa sita mchana mlango unafungwa.

Asubuhi akaja Salumu, seremala jirani yangu, na mafundi wenzake wawili. Behewa ni la mninga, zito kama deni la ukoo. Tukalilaza juu ya miti miwili mirefu ili tulibebe mabegani, wawili mbele, wawili nyuma. Magurudumu nikayachomoa yasivunjike njiani, nikayatia kwenye kikapu, kikapu nikakitundika mkononi. Namba na herufi za ubavuni nilikuwa nimezipaka alfajiri, bado mbichi, na barabara ya Temeke vumbi lake mnalisikia. Nikalifunika shuka langu jeupe, lile lenye alama ya kuungua ya pasi.

Sasa jichoreeni. Wanaume wanne, kanzu na kofia. Miti miwili mabegani. Juu yake kitu cha urefu wa mtu, mgongo umepinda kama jeneza la pwani linavyopinda, kimefunikwa shuka jeupe. Tunatembea kimya kwa sababu mzigo unatukata pumzi.

Mimi nilikuwa nafikiria behewa tu. (Wapumbavu ndivyo tulivyo.)

Hatujafika mbali, mshona viatu mmoja akaacha kiatu cha mtu, akaja mbio, akatia bega mbele yangu. Nikasema moyoni, watu wa Dar wamebadilika! Akaja muuza maji. Akaja mwenye duka, ufunguo bado mkononi. Sasa hapa pwani jeneza likipita, mwanamume hasimami kutazama. Anatia bega mbele, anatembea hatua chache, anayemfuata anampokea, na aliyekuwa mbele anasukumwa nyuma, nyuma, mpaka anatoka. Wote wanagombea thawabu. Mimi sikujua mpangilio huo. Nilianza mbele. Nikajikuta katikati. Nikajikuta nyuma. Nikajikuta nje kabisa, nina kikapu, na behewa langu linaondoka kwa mwendo ambao halijapata kwenda hata lile la Tabora.

Nikamkamata Salumu, naye kashatolewa, anajipepea kwa kofia.

"Salumu! Hawa watu wanadhani ni maiti!"

"Najua."

"Unajua? Waambie basi!"

"Petro, umelibeba wewe ukaona uzito wake. Njia yao na yetu ni moja mpaka njia panda. Waache watusaidie, tukifika pale tutasema."

Nikafikiria bega langu. Nikanyamaza. (Hapo ndipo nilipojiroga.)

Watu wakazidi kuwa wengi. Dhikiri ikaanza, polepole, sauti nzito, mpaka na mimi, Petro niliyebatizwa na mapadri, nikawa naitikia mwisho mwisho. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, Mzee Kombo jina lake, akakitazama kikapu changu, akadhani kina ubani na pamba. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye mfiwa?"

"Mzee wangu, hakuna aliyefiwa. Lile ni behewa."

Akanitazama kwa huruma, machozi yakamlenga. "Jikaze, mwanangu. Mimi nilipofiwa na kaka yangu nilisema maneno mabaya zaidi ya hayo."

"Kweli, mzee! Behewa la mizigo! Nimelitengeneza mwenyewe!"

Akawageukia wenzake, akatikisa kichwa. "Limemwingia kichwani. Mshikeni na upande wa pili."

Wakanishika upande wa pili.

Tukafika njia panda. Ukumbi kulia, msikiti kushoto. Jeneza, yaani behewa, likakata kushoto! Nikapiga kelele, "Kulia! Kulia!" na Mzee Kombo akanibembeleza, "Lia, mwanangu, lia tu." Salumu naye akaanza kupasua watu akisema "hebu, hebu," lakini kila aliyesukumwa alidhani anataka thawabu ya pili, akamwambia aache uroho.

Wakalitua uani mwa msikiti. Sheikh akatoka, mtu mrefu, sauti ya chini.

"Nani mwenye maiti?"

Mikono yote ikaninyooshea mimi. Nikasukumwa mbele, kikapu mkononi, jasho mgongoni.

"Pole, ndugu yangu. Ameshaoshwa?"

Wenzangu, nilikuwa na nafasi ya kusema mengi. Akili ilinikimbia. Nikajibu ukweli mtupu.

"Amepakwa rangi, sheikh."

Sheikh akanitazama. Akalitazama shuka. Akainama, akalishika pembeni, akalifunua kwa upole kama inavyopaswa.

Behewa likang'aa juani.

Mshona viatu akasogea, akautelezesha mlango (ukateleza vizuri sana, nilisikia fahari ya kijinga), akachungulia ndani. Akageuka.

"Hamna mtu."

Mtu wa kwanza kucheka alikuwa nyuma kabisa, alijaribu kukohoa ikashindikana. Kisha uani kote kukapasuka. Watu wakakaa chini. Muuza maji akajishika ukuta. Mzee Kombo peke yake hakucheka. Aliniachia mkono, akauangalia mkono wake, akaniangalia mimi.

"Kumbe ulikuwa unaniambia kweli."

"Ndiyo, mzee."

"Mbona hukusema kwa nguvu?"

Sheikh akanyanyua kidole, watu wakatulia. "Hiki ni nini hasa?"

Hapo ningeomba radhi niondoke. Badala yake nikaeleza! Wajerumani, Waingereza, jua, herufi, paa, kwa nini komeo liko pale na si pale. Nilipokwisha, nikasema na habari ya Bi. Mwanaidi na mlango wa saa sita. Sheikh akatazama kivuli cha ukuta kukadiria saa.

"Jamani, mmelibeba mkitaka thawabu. Kumsaidia mtu mzigo wake nako kuna thawabu. Mpelekeni. Ila dhikiri muiache hapa."

Salumu akalifunika tena shuka kwa sababu ya rangi (anavyodai yeye). Likanyanyuliwa. Safari hii walikwenda mbio, wanaambukizana kicheko, kila mmoja anajibana mbavu. Tukafika ukumbini bawabu anafunga mlango, ufunguo umeshaingia tunduni. Alipoona jeneza na umati, akavua kofia, akafungua mlango pande zote mbili.

"Poleni sana."

"Tushapoa," akasema Salumu.

Msimamizi wa maonyesho, bwana wa miwani na tai, naye akasimama wima. Tulipofunua shuka alikaa. Kisha akasimama tena, akalizunguka behewa mara mbili. Nikalivisha magurudumu. Akakohoa, akasema, "Hili halitoki humu. Litakaa pale mlangoni, siku zote."

Wakanipigia makofi! Mshona viatu alipiga kuliko wote. Nikapata raha ya ajabu, wenzangu. Behewa lina nyumba, na mimi nina nyumba. Nikaanza kulizunguka taratibu, mikono nyuma, kama tajiri. Ndiyo mara yangu ya kwanza kulizunguka. Chumbani nililiona upande mmoja mmoja.

Upande wa kwanza, namba 1147.

Upande wa pili, namba 1174.

Nikarudi upande wa kwanza. Nikaenda wa pili. Mzee Kombo alikuwa ananifuata nyuma, naye akaona.

"Kumbe maiti walikuwa wawili!"

Ukumbi ukaangua kicheko upya. Msimamizi akapunga mkono. "Jambo dogo. Upande ule tutauelekeza ukutani. Nani atachungulia?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe utakuwa kwako."

"Nitakuwa najua, bwana."

"Basi futa mmoja, andika kama mwingine."

"Upi?"

Akangoja nimjibu. Kichwani mwangu namba zote mbili zipo, zote mbili nimelala chini yake utotoni. Nikasema narudi nalo, nikalichukua shuka langu. Salumu alikaa sakafuni, akajifunika uso kwa kofia. Lakini mshona viatu alishatia bega, akisema, "Haya, marehemu anarudi nyumbani. Bila shuka safari hii!"

Mnadhani yameisha? Tunakaribia nyumbani nasikia vilio. Mikeka imetandikwa uani, wanawake wamejaa, kuni zinawaka. Kuna mtu aliona shuka lenye alama ya pasi likipita, akalitambua, akakimbia kusema aliyebebwa ni Petro. Bi. Mwanaidi alikuwa katikati, kanga kichwani, analia kwa sauti.

"Na nilimfukuza mimi! Mwanangu wa watu, kwa ajili ya kibao! Angekaa nacho mpaka Kiama!"

Nikasimama mbele yake. "Shikamoo, mama."

Sitawaeleza ukelele ule. Kisha akanichapa na kanga, akanikumbatia, akanichapa tena. Akaliona behewa nyuma yangu, limebebwa na nusu ya Temeke.

"Limerudi?"

"Limerudi, mama. Lina kosa."

Akafuta macho. "Liingizeni ndani. Kaa na treni lako, Petro. Sikwambii tena neno." Kisha akawageukia waombolezaji. "Na nyie msiondoke, wali umeshaiva!"

Tukala wote, kwenye msiba wangu mwenyewe. Mzee Kombo alikaa karibu nami, akanimegea samaki. Sijala chakula kitamu kama kile tangu nije mji huu.

Lakini mnanijua. Nilipopewa tu ruhusa ya kukaa, hapo hapo miguu ikaanza kuwasha. Namba ya kweli iko ubavuni mwa lile kuukuu, nyuma ya stoo yenu, na hakuna mwingine wa kuisoma ila mimi. Nimeshaaga. Kesho napanda treni ya bara, na Dar es Salaam sirudi tena. Behewa langu litasafiri ndani ya behewa, ambalo namba yake nitaihakiki pande zote mbili kabla halijaondoka. Bi. Mwanaidi amenifungia maandazi na kuniambia shuka nimwachie yeye, alichome.

Barua hii naipa treni ya leo, itanitangulia. Hamisi, nakuomba kwa udugu wetu, usiende kuchungulia namba kabla sijafika. Na mkija stesheni kunipokea, mkaona kitu kirefu kinashushwa, acheke atakayecheka, lakini mtu asitie bega mpaka afungue mlango aangalie ndani.