Joto ya Chumba cha Mbele

Lundi, 8 Julai
Ngalula, mpangaji wangu wa chumba cha mbele, mwalimu aliyetumwa huku Butembo kutoka Kananga, anateswa na baridi. Alitaka kuhamia kwa jirani Syauswa, mutu wa kunyanganya wapangaji wa wenzake! Nikamuwekea chauffage ya gaz, jiko la kupasha chumba joto. Occasion ya Kampala, ya mutumba, lakini inawaka. Nyumba hii nilijenga peke yangu, basi joto yangu haitatoka bure. Nikapima claustra, yale matundu ya ukuta juu ya dirisha: kumi na mbili, sentimita kumi kwa kumi. Baridi yote inapita pale. Nikaziba na udongo. Chini ya mulango, gunia. Kavuo, muke wangu, akauliza hewa itapita wapi. Nikamueleza ya kama claustra ni ya moshi, na gaz haina moshi. Akarudi jikoni. Hesabu ilimushinda.

Mardi, 9 Julai
Ngalula analalamika kichwa. Nikamuambia ni makelele ya batoto ya masomo. Moto ulikuwa bleu, leo ni wa manjano. Muzuri zaidi!

Mercredi, 10 Julai
 Asubuhi Kavuo alibisha kwa Ngalula, hakufungua. Tukasukuma mulango: Ngalula chini, macho nusu wazi. Tukamukokota inje. Niliita Mungu, niliita Maria, niliita hata Syauswa. Alikuja na pikipiki yake, tukamufikisha Ngalula hospitali. Adèle, infirmière, muuguzi wa pale, akamuwekea oxygène. Akatueleza ya kama moto unakula hewa ya chumba. Hewa ikipunguka, unatoa sumu bila harufu, bila rangi, inaingia mu damu polepole kama usingizi. Nilitazama kifua cha Ngalula kinapanda, kinashuka. Sijaona kitu kikubwa vile. Hewa! Tunaivuta kila siku bila kuisalimia.

Alipoamuka alinitazama. "Papa mwenye nyumba, baridi yenu ilinitesa tu. Joto yako ndiyo ilitaka kuniua."

Vendredi, 12 Julai
Kavuo alivunja udongo wote na mutwangio. Fundi wa gaz alitengeneza chauffage, akatoboa tundu chini ya ukuta, akaniamuru: tundu la chini liingize hewa, la juu la claustra liitoe inje, na hapana kuziba hata siku moja. Nikaweka unyoya wa kuku kwenye tundu la chini: ukavutwa ndani. Kwenye la juu: ukaruka inje. Moto bleu, umetulia kama wa altare. Nikavua kofia. Nyumba inapumua! Nyumba niliyoijenga mimi!

Dimanche, 14 Julai
Ngalula amehamia kwa Syauswa. Kule ni chumba bila moto, mablanketi tu. Nisimulaumu, Kavuo anasema.

Kisha ya misa niliwasha chauffage kuijaribu, nikasimama inje chini ya claustra, uso juu. Ile hewa inatoka iko ya moto! Kumbe ninapasha uwanja joto bure, na kuku wa Syauswa wanakuja kuota. Nikachukua mètre ya kupimia. Kesho ninajenga chumba kidogo nyuma ya ukuta ule, mita mbili kwa mbili, kipokee joto yote. Claustra sitaziba hata moja, nimeapa mbele ya Kavuo. Ignace, polisi mugeni kutoka Kisangani, amekwisha kukitaka kwa kulala.

Dirisha sitaweka. Moto haumo mule ndani.