Baignoire Yenye Homa

Siku bahati ilipomjia Kunda, ilimjia ikiwa imeshika kiuno. Vibarua wanne, wanaume wa miraba minne, walitoka kwenye geti la Mama Céline wakichechemea na kulaani. Nyuma yao alisimama Mama Céline mwenyewe, mjane, mfanyabiashara wa jumla wa maharagwe na samaki wakavu, mzaliwa wa Butembo, ambaye mwaka huo alikuwa amenunua nyumba kuukuu ya enzi za Wabelgiji karibu na katikati ya mji wa Lubumbashi.

"Bantu ine!" alifoka. "Bababa bazima, bantu ine, na kintu ya kuogea inabashinda!"

"Mama, ile haiko baignoire," mmoja alijibu bila kugeuka. "Ile ni train."

Kunda alikuwa ng'ambo ya barabara, akitafuta pesa ya mtu mwingine kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa mtaa wa Katuba, mdomo wake ulikuwa na asali, na alijiita Ingénieur. Diplome hakuwa nayo. Alikuwa na kofia ya plastiki ya manjano ya mgodini, na mjini kwetu mwenye kofia ya manjano haulizwi diplome.

Wiki hiyo shida yake ilikuwa moja tu, na jina lake Falonne. Falonne alishona nguo Katuba, alimpenda Kunda kwa sababu ambazo hata shoga zake hawakuzielewa, na alikuwa amechoka kungoja. "Dimanche bajomba bangu bako nakuya," alikuwa amemwambia. "Nilibaambia unatumika, uko na kazi. Kama unakuya na mikono mitupu, basi usikuye kabisa. Kuko mwingine anauliza." Leo ilikuwa Jumatano, na hiyo dimanche, Jumapili, ilikuwa imebakiza siku nne. Kunda alimpenda yule mwanamke kweli, na hilo ndilo jambo pekee la kweli nililowahi kulisikia juu yake.

Akavuka barabara.

"Bonjour, maman. Ni miye Ingénieur Kunda, spécialiste ya ba-baignoire ya zamani."

"Kuko na spécialiste ya ile?"

"Tulikuwa babili mu Congo nzima. Mwenzangu alikufa."

Mama Céline alimpa pole ya msiba, akamwingiza ndani. Baignoire, lile beseni kubwa la kuogea, ilikuwa imelala chini ya dirisha lenye nondo, chuma kizito kilichopakwa rangi nyeupe, na ilikuwa dhahiri kwamba Wabelgiji waliiweka kwanza ndipo wakajenga mlango. Mama alieleza kwamba bakwe zake, wazazi wa mchumba wa binti yake, wangeshuka uwanja wa ndege wa Luano Jumamosi, na hakutaka wakute bafu bovu, kwa hiyo lazima baignoire itoke lijengwe upya. Vibarua walitaka kuipasua kwa nyundo. Yeye alikataa, kwa kuwa tangu azaliwe hajavunja kitu kinachoweza kuuzwa.

"Usipasule!" Kunda aliruka. "Chuma ya zamani inataka mayi ya moto, polepole, mpaka simenti inaachia. Kesho unipatie mbabula mbili na makala. Na nusu ya bei mbele."

"Utalipwa kama baignoire iko inje," alisema Mama Céline.

Kunda alikubali huku akicheka moyoni. Hakuwa na nia ya kuigusa ile baignoire hata kwa kidole. Malipo ya mama yalikuwa mchuzi tu. Nyama ilikuwa mtaa wa Ruashi.

Nyama yenyewe iliitwa Papa Mwenya. Alikuwa négociant, mlanguzi wa mawe ya mineral, yaani madini ya kobalti, tajiri mpya mwenye nyumba ya ghorofa, na wachimbaji walisema mizani yake ina uchawi, maana gunia likipanda juu yake hukonda. Lakini yeye naye alilia kila alipopeleka mawe comptoir, kituo cha kununulia madini, kwa sababu kule kulikuwa na mashine yenye umbo la bastola. Wanunuzi huilenga kwenye jiwe, husoma namba, hutaja asilimia, na muuzaji hasogezwi karibu. Mwenya angeuza figo yake apate mashine kama ile kwa upande wake.

Kunda alikuwa nayo. Tuseme alikuwa na binamu yake wa mbali, bastola ya kupimia homa kwenye paji la uso, iliyobaki tangu wakati wa covid, ambayo aliizungushia utepe mweusi na kuivika mkoba wa ngozi. Ikiona joto, hulia pii-pii-pii na kioo chake kuwa chekundu.

"Papa," alimnong'oneza Mwenya jioni ile, "mubelgiji wa nyumba moja ya zamani mu mji aliyeyusha kobalti, akaimwanga mu forme ya baignoire, akapaka rangi nyeupe. Alitaka kuitoroshea kwabo. Avion ikamuacha."

"Na mwenye nyumba?"

"Mama wa maharagwe. Hayui kintu."

Mwenya alicheka mpaka tumbo likamtikisika, akicheka mjane asiyemjua. Walipatana kwamba aje kesho asubuhi wakati mama yuko dépôt, ghalani kwake. Mashine ikisema vizuri, angempa Kunda commission papo hapo mkononi, kisha baignoire angeinunua kwa mama kwa bei ya chuma chakavu. Na Kunda alikuwa amepanga kwamba wakati huo wa kununua yeye atakuwa ameshafika Katuba, akinunua blanketi la mama mkwe.

Asubuhi ya Alhamisi Mama Céline aliondoka. Kunda aliwasha mbabula mbili, yale majiko ya makaa, akachemsha maji, akayamimina kwenye baignoire sufuria baada ya sufuria, akaacha chuma kinywe moto, akayaondoa maji na kupangusa kwa taulo. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote aliyowahi kufanya, na aliifanya kwa kupenda. Hakuwa amemaliza kukunja taulo aliposikia camionnette ya Mwenya ikisimama nje, na Mwenya akaingia na vijana wake wawili wenye mabega.

Kunda alianza na sinki la kunawia. Bastola ikanyamaza. "Ile ni bure," alisema kwa huzuni ya kitaalamu. Kisha akaigeuzia baignoire.

Pii-pii-pii! Kioo kikawa chekundu.

"Quarante et un," alisoma Kunda, arobaini na moja, kama wanavyotaja asilimia kule comptoir.

"Quarante et un?" Mwenya alisogea. Akanyoosha kiganja, akakigusisha pembeni ya baignoire, akakirudisha haraka. "Iko moto!"

"Kobalti ya kukomaa inakuwaka vile."

Mwenya alitazama mlango, akashusha sauti. "Sawa ile uranium ya Shinkolobwe?"

Kunda aliweka kidole mdomoni. Kati ya uongo wake wote ule ndio ulikuwa bora, maana hakuusema. Mwenya akaingiza mkono mfukoni, akatoa bunda, na Kunda akafungua kiganja.

"Pii-pii-pii," sauti ya mwanamke ilisema koridoni.

Hapa lazima niwaombe radhi kwa ajili ya Kunda, kwa sababu kosa lake ni la mtu wa Lubumbashi. Sisi mlio ule tuliusikia miezi kadhaa tu, kwenye milango ya benki, tukausahau. Lakini Mama Céline ni wa Butembo. Kule ilianza ebola, na covid ikaja kabla hawajapumua. Kila kizuizi, kwenda sokoni na kurudi, mtu amekulengea bastola kwenye paji la uso. Mlio ule angeutambua hata usingizini. Na asubuhi hiyo alikuwa amesahau funguo za dépôt.

Alisimama mlangoni, akatazama bastola, akatazama mbabula, taulo, bunda la pesa na kofia ya manjano, kila kimoja kwa zamu yake. Kisha akatabasamu tabasamu la mwanamke mshamba asiyejua lolote. Kunda, ambaye kutabasamu ndiyo kazi yake, alilitambua lile tabasamu.

"Bageni! Munaangalia baignoire yangu?"

"Ni chuma ya zamani tu, maman," alisema Mwenya, bunda likirudi mfukoni. "Ninaweza kukusaidia, nikuondolee."

"Eh, papa, bei ya bintu kama hii miye siyui. Acha niulize kwanza ingénieur wangu. Mungoje kidogo inje."

Walipobaki wawili, Mama Céline alimsogelea Kunda, akainamisha kichwa, akafumba macho kama mtu aliyefanya hivyo mara elfu. "Pima."

"Maman..."

"Pima, mwanangu."

Kunda alipima. Bastola haikulia.

"Ngapi?"

"Trente-six quatre."

"Ah. Basi miye niko muzima. Baignoire njo iko na homa." Akafumbua macho. "Sasa uchague. Niite papa na bale bijana ya mabega, nabo bapimwe? Ao unakamata marteau?"

Kunda alitazama dirisha. Nondo za Mbelgiji zilikuwa imara. Akauliza nyundo iko wapi.

Mwenya alirudishwa ndani, na hapo ndipo mimi, niliyesimuliwa tu, nilipojifunza biashara. "Papa, sikia muzuri, na bijana yako basikie," alisema Mama Céline. "Miye niko nauzisha baignoire. Chuma na rangi. Mambo ya mineral siyui, na sikukuambia hata moja."

"Ndiyo, maman, baignoire," alisema Mwenya, akimkonyeza Kunda.

"Ni ya kuogea."

"Ya kuogea, maman!"

Kila alipomwambia ni chuma tu, ndivyo Mwenya alivyozidi kuona kobalti. Alitaja bei, mama akasikitika kwamba basi afadhali aiache, watoto watachezea. Akataja nyingine, mama akakumbuka kwamba mlango ni mwembamba. Ingebidi kuvunja ukuta, ule wa upande wa stoo, na ajabu ni kwamba ukuta huo huo ndio aliotaka uondoke ili bafu lipanuke. Vifusi navyo vibebwe. Na vigae vya zamani. Na choo, kwa kuwa camionnette tayari ipo. Mwenya alikubali yote, akamimina bunda lote mikononi mwa mjane, pamoja na lile fungu la Kunda.

"Na commission yangu?" Kunda alinong'ona.

"Ku comptoir," alisema Mwenya. "Tunaenda pamoja. Unapanda nyuma na kuchunga mali."

Nimeutafuta uongo wa Mama Céline katika mazungumzo yote yale, sijauona.

Kunda alivunja ukuta. Alivunja mpaka vumbi likamgeuza mzee, kisha akashika pembe moja ya baignoire na kujua kwamba wale vibarua wanne hawakutia chumvi. Mchana ilipokuwa juu ya camionnette, naye Kunda ameketi ndani ya baignoire kati ya choo na vifusi, Mama Céline alikuja na noti chache.

"Tulipatana unalipwa kama iko inje. Iko inje. Nimekata bei ya makala."

"Leta nikuchungie, ingénieur," alisema Mwenya kutoka mbele, akazipokea yeye.

Njia ya mwongo ni fupi, na ile ya comptoir haikuwa ndefu hata kidogo. Mnunuzi alielekeza mashine yake ya kweli kwenye baignoire, akasoma, akafuta kioo, akasoma tena. "Fer," alisema. "Papa Mwenya, umetuletea chuma ya kuogea?"

Négociants wote waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Mwenya alimtazama Kunda, na Kunda aliyaona mauti yake yakiwa na masharubu. Lakini Mwenya pia aliitazama foleni. Mtu anayekiri mbele ya wenzake kwamba ameuziwa bafu kwa kobalti hatauza jiwe tena Ruashi. Akaangua kicheko kikubwa.

"Nani alisema mineral? Nilipitisha tu, muione! Ni ya nyumba yangu, ya kuyulu ku étage. Na huyu ni ingénieur wangu wa bafu, wa salle de bain." Akamshika Kunda shingoni kirafiki, na ule mkono haukutoka tena.

Ngazi za nyumba ya Mwenya zinapinda mara mbili. Sitaeleza jinsi baignoire ilivyopanda, kuna wasomaji wenye migongo dhaifu. Ilipofika juu ikagundulika jambo ambalo Ruashi nzima inalijua: maji ya bomba hayapandi ghorofani. Na Mwenya, aliyekwisha kujitangaza mtu wa baignoire, ilimbidi aoge kila siku, dirisha wazi, majirani wasikie.

Basi Jumapili, Falonne na wajomba wake wawili walipomkosa Kunda Katuba na kuelekezwa Ruashi, walimkuta katikati ya ngazi akiwa na ndoo mbili, amelowa chapachapa, kofia kichwani.

"Ingénieur!" Mwenya aliita kutoka juu. "Mayi inapoa!"

Mjomba mkubwa alitazama ndoo, akatazama nyumba ya ghorofa, akavua kofia. Kwa miaka mingi hakuwa ameamini habari za ule uinjinia. "Kumbe anatumika kweli," alisema kwa heshima. "Na patron anamuita kwa titre ya ingénieur."

Wakapanda kuzungumza na patron. Sauti zilisikika hadi chini. Mwenya, aliyekuwa akitafuta kamba ya kumfunga Kunda mpaka pesa yake irudi, alifurahi sana kupata wajomba. Kila mwezi fungu moja la mshahara lingekatwa kulipa deni lake, na jingine lingeenda moja kwa moja kwao, hadi mahari iishe. Wakaagiza bia. Hakuna aliyemwuliza Kunda.

Falonne alikuwa amekaa kwenye ngazi ya chini. Hakuwahi kumwona Kunda akitoka jasho, na sasa alimtazama kwa muda mrefu, uso wake ukilainika bila yeye kutaka.

"Geti iko wazi," alisema taratibu. "Sentinelle ameenda kunywa."

"Nimeona," alisema Kunda.

"Kolwezi haiko mbali, na kule hakuna anakuyua."

"Nayua."

"Basi?"

Kunda alilitazama geti. Mikono ilimuuma, mgongo ulimuuma, na moyo, kwa mshangao wake mwenyewe, haukumuuma hata kidogo. Akainama, akashika ndoo zake.

"Basi songa kidogo," alisema. "Unaziba ngazi."