Mkwaruzo wa Mlango wa Kushoto

Kama mzee Andongwisye angeegesha gari lake kama binadamu wengine wanavyoegesha, haya yote yasingemkuta. Lakini mzee Andongwisye wa Kyimo hakutaka kufanana na binadamu wengine, na alihakikisha hilo linajulikana.

Ilikuwa miaka ya ruksa, mwenye hela anaingiza atakacho: mitumba, redio za kanda mbili, hata televisheni kwenye nyumba isiyo na umeme. Pikapu zilizoletwa Rungwe nyingi zilikuwa zimeshawachosha Wajapani kwanza. Ya mzee Andongwisye ilikuwa mpya, nyeupe, na ili mtu asije akakosea alikataa kuondoa plastiki ya kiwandani kwenye viti. Mkewe, Felista, alikuwa akiteleza humo ndani kila kona, ameshikilia kikapu chake.

Sasa tazama alivyoegesha Tukuyu mjini. Alilisogeza gari kwenye ukuta wa duka, akalisogeza tena, mpaka mlango wa kushoto ukawa hauwezi kufunguka hata kwa mjusi. Felista, mwanamke mwenye mwili wake, ikabidi ajivute juu ya gia na atokee mlango wa dereva, akitanguliza kikapu.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, Asukile aliweka kikombe chini.

Huyu Asukile alikuwa na koti la mtumba lenye mifuko mingi na mdomo usiolala. Ameshakuwa wakala wa mbolea, ameshakuwa mganga wa ng'ombe, na msimu mmoja alikuwa mwakilishi wa shirika la Wazungu ambalo Wazungu wenyewe hawakuwa na habari nalo. Kufanya kazi hajawahi. Alimtazama yule mama anavyohangaika kushuka, akautazama ule ukuta, akajua papo hapo: mzee anaficha ubavu.

Akavuka barabara, amekunja uso kwa huzuni.

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole ya nini?"

"Ya upande wa kushoto."

Mzee Andongwisye alitazama huku na huku kama aliyeambiwa zipu iko wazi. "Nani amekwambia?"

"Gari lenyewe. Sisi mafundi wa rangi gari likiumia tunalisikia."

Upuuzi mtupu. Lakini mtu mwenye majivuno yupo tayari kuamini kwamba gari lake linaongea, ilimradi linaongea habari zake. Wakaliondoa ukutani. Mkwaruzo wenyewe, tuseme ukweli, ulikuwa na urefu wa kiganja, umekwenda mshazari chini ya kitasa. Baiskeli ya mkaa ilipita karibu mno pale Uyole, gari likiwa halijamaliza hata wiki. Asukile akachuchumaa, akaugusa kwa kidole kimoja, akavuta pumzi kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mzee, gari linaingia kanisani lini?"

"Jumapili hii. Ibada ya shukrani. Mchungaji analiombea, kwaya inalizunguka, usharika mzima unaligusa."

"Usharika mzima," alirudia Asukile taratibu. "Na watazunguka pande zote?"

Mzee akaufunika mkwaruzo kwa kiganja. Akilini alimwona mzee Enosi, aliyenunua pikapu kabla yake, kuukuu, lakini ya kwanza Kyimo. Enosi atazunguka na kwaya. Enosi atainama. Enosi atauliza kwa sauti, mbele ya mchungaji, 'Kumbe na hili limeshatumika?' Na hapo ndipo palipokuwa na roho ya Andongwisye: si gari, ni mdomo wa Enosi.

"Unaweza kuufuta?"

Asukile akatoa kwenye koti kopo lenye maandishi ya Kijapani. Lilikuwa kopo la samaki, na samaki wenyewe alishawala zamani.

"Rangi ya kiwandani, ileile iliyopakwa gari lako likizaliwa. Ila kuna jambo moja, mzee, na sikudanganyi. Rangi hii inataka jua. Na Tukuyu hapa, hata soksi inakauka?"

Hapo ndipo alipommaliza. Maana uongo wake wote ulikuwa uongo, lakini hilo la soksi lilikuwa kweli, na hakuna mtu wa Rungwe anayeweza kulibishia. Nguo hufuliwa Jumatatu ikavaliwa mbichi Jumapili.

"Jua liko Kyela," alisema Asukile. "Nalishusha gari Ijumaa, nalipaka, linakauka, Jumamosi jioni lipo kwako linang'aa."

"Tutashuka wote."

"Sawa, mzee. Lakini fikiria. Linapita njiani, mlango umepakwa dawa kama kidonda, na wewe umekaa ndani. Watu watasema nini? Wakiniona mimi peke yangu, watasema ni gari la mtu mwingine."

"Ndaga fijo," alisema mzee kwa moyo wake wote. Anaibiwa, na anashukuru.

Felista alikuwa amesimama na kikapu muda wote huo. "Fundi," aliuliza, "hapa Tukuyu umewahi kupaka gari gani?"

"Mama, magari niliyopaka huwezi kuyajua. Ukilijua hata moja, basi nimeharibu kazi."

Mzee alicheka sana. Felista hakucheka.

Nyumbani Kyimo mashauri yalichukua usiku na uji wa asubuhi.

"Baba Atupele, mimi naona tuuache. Ndizi hazitazami mlango."

"Wewe unajua ndizi tu."

"Ndizi ndizo zilizonunua huo mlango."

Kweli tupu. Nusu ya gari ile ilitoka mgongoni kwa Felista, mkungu kwa mkungu, tangu Atupele ananyonya. Likipotea, angerudi kubeba kichwani na kubembeleza malori ya watu. Mzee alikoroga uji.

"Na Enosi je?"

"Enosi aje atazame. Akichoka kutazama atapanda nyuma kama abiria wengine."

"Gwe! Hujui heshima ya gari. Nimeamua, linapakwa."

"Umeamua," alisema Felista. "Haya. Lakini gari langu haliteremki Kyela tupu."

Na hilo ni jambo ambalo Rungwe nzima inalifahamu: gari huteremka na ndizi, hupanda na mchele. Kuteremka tupu ni ujinga, na mzee hakuwa na ubavu wa kuutetea. Basi Ijumaa alfajiri, wakati mzee anamkabidhi Asukile funguo pamoja na hela ya rangi, Felista alikuwa anapanga mikungu nyuma ya gari. Kabla ya kuupandisha kila mkungu, aliugeuza kikonyo chake juu, akakichanja kwa kisu mara mbili, mistari miwili inayokatana. Alifanya hivyo kwa mazoea. Malori hubeba mikungu ya akina mama wengi, na mikungu haina sura. Usipochanja alama yako utashusha ya mwenzio. Asukile alikuwa anajitazama kwenye kioo cha pembeni.

"Sokoni muulize kaka yangu, Ambindwile," alisema Felista. "Kila mtu anamjua. Mshushie mikungu, atakupa mchele."

"Ambindwile," alisema Asukile kwa adabu zote. "Nimelishika, mama."

Alilishika ili alikwepe. Aliteremka kati ya mashamba ya chai akiimba, koti bega moja, akiwaza mambo makubwa. Gari angeliuza kwa watu wanaovusha vitu mpakani, watu wasiouliza kadi. Ndizi angeziuza njiani, na sokoni kwa huyo kaka hasogei ng'o. Aliwaonea huruma watu wa Kyimo, kwa dakika nzima hivi, halafu akaendelea kuimba.

Kwenye njia panda kabla ya Kyela mjini kulikuwa na joto la kweli, na kibanda cha mama ntilie, na mzee mmoja mnene wa fulana nyeupe ameketi kwenye benchi akijipepea kwa kofia. Asukile akasimamisha gari.

"Bosi, ndizi hizi. Bei ya kutupa, nina haraka."

Yule mnene akainuka kivivu. Akazunguka nyuma ya gari, akageuza mkungu mmoja, akageuza wa pili, akageuza wa tatu.

"Ndizi nzuri. Unaitwa nani, kijana?"

"Injinia Asukile."

"Mimi naitwa Hosea. Na gari ni lako, Injinia?"

"Langu. Nalo nikipata mtu naliuza."

"Lo! Una bahati. Nina mteja ng'ambo ya mto anatafuta hilihili." Akaanza kulizunguka gari taratibu, akipapasa bodi, mpaka akafika mlango wa kushoto. Akasimama. Akatikisa kichwa. "Pole sana, kijana."

"Pole ya nini?"

"Ya huu mkwaruzo."

"Mkwaruzo gani, bosi! Kitu kidogo hicho! Gari linatembea kwa injini, haliendi kwa mlango!" Asukile aliona jasho linamtoka. "Atakayelinunua anataka kubeba mizigo au anataka kujitazama?"

Ndiyo, ni yeye aliyesema hivyo. Ningekuwa na njia ya kumwita mzee Andongwisye asikie, ningemwita.

"Mteja wangu ni mtu wa majivuno," alisema Hosea. "Akiuona tu, hanunui. Lakini pale nyuma ya kinu cha mpunga yupo fundi wa rangi. Kwa jua hili, unakula sahani moja ya wali, imeshakauka."

"Twende basi."

"Twende wote? Fikiria, kijana. Mteja yuko palepale kinuni. Akiliona gari na wewe, mgeni, na haraka zako, atajua kuna jambo. Akiliona na mimi, atajua ni gari la mtu anayemfahamu."

Asukile alitafakari. Yalikuwa maneno ya mtu mwenye akili sana. Aliyapenda mara moja, na hakujiuliza aliwahi kuyasikia wapi. Akatoa funguo. Hosea akaomba na hela ya rangi, kwa kuwa fundi yule hakopeshi, na Asukile akatoa hela ileile aliyopewa na mzee, na ya kwake kidogo aliyokuwa nayo juu, iwe ya haraka.

"Dainess!" aliita Hosea. "Mpe Injinia wali na samaki, samaki mkubwa." Akapanda, akawasha, akaenda zake polepole kabisa.

Asukile alikula. Akaongeza samaki. Akalegeza mkanda, akasinzia, akaamka, jua limehamia upande mwingine wa kibanda. Rangi ingekuwa imekauka, ikapasuka na kubanduka.

"Mama," alisema, "huyu Hosea kinu chake kiko wapi?"

"Hosea gani?" aliuliza Dainess, mikono ndani ya karai.

"Huyu mnene. Aliyeondoka na gari langu."

"Yule Ambindwile! Ijumaa zote, kabla ya kwenda sokoni, hukaa hapo kwenye benchi kungojea ndizi za dada yake wa Kyimo. Dada yake huchanja kikonyo, hivi na hivi." Akachora kwa kidole chenye sabuni juu ya meza, mistari miwili inayokatana. "Leo sijui kwa nini alitaka kuitwa Hosea. Haya, Injinia, wali sahani moja na samaki wawili."

Asukile alipapasa mifuko yote ya koti lile. Alikuta kopo la samaki. Dainess akalitazama kopo, akamtazama yeye, akamsogezea karai la vyombo. Aliosha mpaka giza, na koti likabaki pale kama dhamana. Mtu aliyeona mkwaruzo wa kiganja kupitia ukuta wa duka alikuwa amebeba gari zima la mikwaruzo bila kuona hata mmoja. Mjanja gani huyo!

Jumamosi jioni pikapu iliingia Kyimo imejaa magunia ya mchele, Ambindwile kwenye usukani. Mzee Andongwisye hakumwamkia shemeji yake. Alikimbilia mlango wa kushoto.

"Mbona haujapakwa?"

Ambindwile alimweleza yote, kuanzia benchi mpaka karai alilosimuliwa na Dainess. Mzee alikaa kwenye jiwe. Alikaa muda mrefu, ungedhani anatubu. Halafu akainua kichwa.

"Sasa kesho ni ibada," alisema. "Nasikia pale Msasani ya Tukuyu yupo kijana mwingine anapaka vizuri. Tukimwahi alfajiri..."

Felista akaingia jikoni. Alipotoka alikuwa na kile kisu chake cha ndizi. Akaenda moja kwa moja kwenye mlango, akaweka ncha chini ya kitasa, akavuta mstari mmoja mrefu, mshazari, ukaukata ule mkwaruzo katikati. Mlio wake ulimfanya mzee aume meno.

"Mama Atupele! Umerogwa?"

"Mpe mtu mwingine funguo sasa," alisema Felista, akifuta kisu kwenye kanga. "Likipotea tena, kaka yangu atalijua."

Ambindwile alicheka mpaka akashikilia gunia. Felista alikuwa ameshaingia ndani ya gari, anachana plastiki ya kiti chake.

Jumapili kanisani mzee Andongwisye, kwa mazoea, alianza kulisogeza gari kwenye ukuta.

"Toka hapo," alisema Felista. "Egesha katikati."

Akaegesha katikati. Kwaya ilishajipanga, mchungaji ameshika Biblia, na mzee Enosi alikuwa mbele ya wote, ameinama, kidole kimeshafika mlangoni.

"Kumbe gari jipya lina makovu? Hii nini?"

Mzee Andongwisye alifumba macho.

"Alama yangu," alisema Felista. "Sogea, mzee Enosi, nataka kushuka." Akafungua mlango wake mwenyewe, akashuka.