Mapinduzi ya Kamba Ndefu

Jumatano, 1 Novemba 2017

Mwalimu Placide amehama leo. Cape Town! Miaka miwili nimemfulia mashati, na nilijua kiti chake cha mbao kitakuwa changu. Nilishakipangia na mahali, karibu na dirisha, nimnyonyeshe Héritière nikiwa nimeegemea kama mtu. Kiti akampa Mama Marcelline. Mimi akanipa picha.

Picha! Jalada kubwa la ngozi, limechanika, ndani makaratasi ya zamani kuliko babu wa babu yangu. Anasema kila picha ilichongwa kwanza kwenye bamba la shaba, mistari myembamba kama nywele za mtoto, ndipo ikapakwa wino na kugandamizwa kwenye karatasi. Ni Wafaransa wanamwondoa mfalme wao. Zina namba, za kutazamwa kwa mpangilio. Mbili za mwisho zimegandana kwa unyevu, nisizibandue kwa nguvu. Nikasema merci. Macho yalikuwa kwenye kiti kikipandishwa ngazi.

Kimeenda juu ya paa, bila shaka. Ndiko anakotawala Mama Marcelline. Jengo letu hapa Jeppestown lina paa la zege na kamba tano za kuanikia nguo. Ufunguo wa mlango wa paa uko shingoni mwake, kwenye utepe. Yeye ndiye anayegawa kamba na siku. Kamba ndefu, ile ya jua, ni ya wengine. Mimi ni kamba fupi nyuma ya tangi la maji, kivulini. Nepi za mtoto wa miezi saba, kivulini! Na mwanangu ana upele. Leo nimemuuliza tena kwa nini. Akaanza habari ya upepo, unavyovuma upande ule. Sikungoja amalize.

Ijumaa, 3 Novemba

Mume wangu Ezéchiel karudi kutoka lindo la usiku, kalala na buti. Nikapata nafasi ya kutazama picha.

Mon Dieu! Ya kwanza, watu wanabomoa gereza. Ya pili, wanawake. Wanawake peke yao, hamna mwanamume hata mmoja! Wanatembea kwenye mvua kwenda kwa mfalme kudai mkate, wamebeba mikuki na ngoma, wanavuta mzinga. Mmoja mbele mdomo wazi. Anafanana na mimi nikidai chenji.

Nikashuka chini kwa Tumu. Tumu ni msusi, mtu wa Tanga, ana maneno kuliko rasta anazouza. Mwaka mzima hatujasalimiana vizuri kwa sababu ya vibanio vya nguo. Nikamwonyesha picha. Akasema shoga, mbona umechelewa. Yeye naye anaitaka kamba ndefu kila siku, kwa taulo za saluni. Tumekuwa ndugu.

Ni kweli Mama Marcelline ndiye aliyenishika mkono Héritière anazaliwa. Ni kweli mtoto akimwona bibi yake huyo, japo si wa damu, anacheka mpaka kwikwi, na mimi ananiangalia kama askari wa zamu. Lakini siasa ni siasa.

Jumapili, 5 Novemba

Waasi kwenye picha wanavaa kofia fulani, ncha imelala kama imechoka. Picha haina rangi, ila Mwalimu alisema zilikuwa nyekundu. Jana nilinunua sufu nyekundu sokoni Newtown, ile ya bei ya chini kabisa. Nimefuma kofia za wanawake wote wanaotuunga mkono, na moja ya ziada.

Baada ya kanisa tukazivaa kuzijaribu. Pale robot, kwenye taa za barabarani, mtu mmoja akatuuliza sisi ni chama gani, na T-shirt zinagawiwa wapi. Ezéchiel kasema tunafanana na njiti za kiberiti. Hana moyo wa mapinduzi yule. Anafikiria chakula tu.

Picha ya tatu, wamemlazimisha mfalme kuvaa kofia yao nyekundu. Ya nne wanamkata kichwa. Hiyo nimeigeuza kifudifudi. Mama Marcelline ni bibi wa mtoto wangu jamani. Sisi tutaishia ya tatu.

Jumanne, 7 Novemba

Leo ndiyo leo!

Ngoma tulitumia beseni. Mzinga tulikosa, Tumu akatoa lile dubwana la saluni la kukaushia nywele, lenye magurudumu. Tukalivuta ngazini tukiimba. Ghorofa ya pili likakwama. Mbele haliendi, nyuma haliendi, waya umemfunga Tumu miguu. Mama Marcelline akasikia kelele, akashuka kutoka juu polepole na magoti yake, akasema poleni wanangu, nani anahama? Akashika upande mmoja akatusaidia kusukuma.

Kwa hiyo mzinga ulifikishwa juu na mfalme mwenyewe. Hilo kwenye picha halipo.

Juu nikapanda kwenye ndoo, nikasema madai yetu. Jua ni la wote! Kamba ni za wote! Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunikata kauli. Akauliza kama nimekula. Nikasema hilo silo swali la leo. Basi akavua utepe, akaniwekea ufunguo mkononi. Nikampa kofia ya ziada. Akaivaa. Héritière mgongoni mwangu akamwona, akacheka mpaka kwikwi.

Uso wake sikuuona vizuri, nilikuwa nimeinua ngumi. Ila ufunguo ulikuwa bado na joto la shingo yake. Hilo limenikaa vibaya kidogo tangu jioni.

Alhamisi, 9 Novemba

Uhuru! Mlango wa paa uko wazi mchana kutwa. Nepi zangu kwenye kamba ndefu, juani, zinapepea kama bendera za ubalozi. Nilisimama nikaziangalia nikatokwa na machozi.

Saa sita Tumu kazisogeza zote pembeni, kaanika taulo. Nikasema tulikubaliana jua ni la wote. Akasema ndiyo, na taulo nazo zimo kwenye hao wote. Mama wa ghorofa ya nne kaanika godoro. Godoro! Vibanio vyangu vimepotea. Sketi ya mtu imepotea pia, na wakati huo Mama Marcelline alikuwa chini akishona, kwa hiyo hakuna wa kulaumu.

Siku hizi anakaa mlangoni kwake, ameangalia ukuta. Kiti kimebaki juu. Nimekikalia. Kigumu.

Upele wa mtoto umezidi. Nadhani ni meno.

Jumamosi, 11 Novemba

Eish. Eish. Eish.

Nilikuwa Newtown nauza kofia za watoto. Mchana mbingu ikawa rangi ya sufuria. Mvua ya mawe, mawe kama mayai ya njiwa! Nikakimbia njia nzima. Jengo zima tulifika juu pamoja, tumelowa, kofia nyekundu vichwani, kila mtu anavuta chake. Godoro limekunywa maji kama ng'ombe.

Kisha Tumu akapiga kelele. Sufu ya bei ya chini inachuja rangi! Tulikuwa tumekumbatia nguo vifuani, na vichwa vinachuruzika nyekundu. Taulo zake nyeupe, zote, zimeiva. Akasema we mama nepi, Jumatatu wateja wangu wakiziona si watadhani nachinja humu ndani?

Mtu akasema enzi za Mama Marcelline nguo hazikuwahi kulowa. Ni kweli. Wote tukaanza kufikiria. Tulikuwa tukitoka kazini tunakuta nguo zimekunjwa, kila furushi mlangoni kwa mwenyewe. Sikuwahi kujiuliza zinashukaje. Nilidhani ndivyo paa lilivyo.

Kisha wakaacha kufikiria wakaniangalia mimi. Tumu kachukua ufunguo. Mimi nimefungiwa paa.

Jumapili, 12 Novemba

Nepi zinakauka chumbani juu ya vichwa vyetu. Ezéchiel anakula ugali chini ya matone.

Nilizitenganisha zile picha mbili kwa mvuke wa birika. Ya kwanza yake: mkokoteni, na ndani yake wale wale waliokuwa mbele wakipiga kelele, wanapelekwa kukatwa vichwa na wenzao! Yule wa mdomo wazi naye yumo, sasa ameufunga. Ningeiona hii Jumatatu ile, kabla hatujapanda! Ya mwisho sikutaka kuiona. Nikalifunga jalada.

Héritière alilia mchana wote. Ngozi imekuwa kama ameungua. Nikambeba, nikamwimbia, nikalia na mimi. Ezéchiel akasema twende kliniki kesho asubuhi. Mlango ukagongwa.

Mama Marcelline. Hakuna aliyemwita. Alisikia kilio cha mjukuu wake, akasema, na kilio hiki si cha meno. Akachukua nepi moja, akaisugua katikati ya vidole, akaipeleka kwenye taa. Ikametameta! Punje ndogo ndogo, kali. Vumbi la chuma. Karakana ya jirani wanakata na kunoa vyuma siku nzima, na upepo unalileta lote kwenye kamba ndefu. Shuka na taulo utazikung'uta. Nepi hapana. Ndiyo maana nepi alizificha nyuma ya tangi, palipo na kinga.

Akasema aliniambia siku ya kwanza nilipoanika nepi. Akasema na Jumatano ile Mwalimu alipohama alitaka kuniambia tena, ila nilikuwa na haraka.

Sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa naelekea kununa.

Akafua nepi zote upya kwa maji ya moto. Akampaka mtoto vaselini, akamlaza kifuani, mtoto akalala. Mimi nikapiga magoti pale pale kwenye maji yaliyomwagika, nikaomba msamaha, nikamwomba arudi juu. Akasema mwanangu, msamaha ulishaupata ngazini, nilipoona mnavuta ile mashine na waya umewafunga. Lakini juu hapandi tena. Magoti yamechoka, alikuwa akipanda kwa ajili yetu tu. Atakaa chini na mtoto.

Kliniki hatuendi tena, mtoto ameshatulia. Mimi sijatulia. Nakiwaza kile kiti kinanyeshewa.

Jumatano, 15 Novemba

Upele unapungua. Merci Seigneur.

Wanawake wote wamekwenda mlangoni kwa Mama Marcelline kumbembeleza, Tumu mbele na ufunguo. Amekataa. Akasema ufunguo apewe Murielle. Mimi! Si alitaka paa? Basi akae juu, achunge mawingu, ateremshe nguo za watu zote mvua ikikaribia, azikunje, azifikishe milangoni. Wamecheka sana. Tumu alicheka mpaka akashika ukuta. Ni adhabu, na ni ya haki, na nimeipokea kwa kichwa kilichoinama.

Nimemwapia Mama Marcelline, mkono juu ya kichwa cha Héritière: lile jalada silifungui tena.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimelifungua kidogo tu.

Picha ya mwisho! Kanisa kubwa, mishumaa, watu wa maana wamejaa. Katikati mtu mmoja ameshika taji kwa mikono yake mwenyewe, anajivika mwenyewe. Kumbe baada ya mikokoteni yote ile hadithi ilikuwa inaelekea hapa! Na ni mfupi. Mimi pia ni mfupi.

Nimezifumua kofia zote nikafuma moja, ndefu, yenye ncha pande zote. Naandika nimekaa juu, kwenye kiti cha Mwalimu Placide, ufunguo shingoni. Nepi za Héritière ziko nyuma ya tangi, hilo silisahau maisha. Shuka zetu ziko kamba ndefu. Tumu nimempa Jumatano, kivulini. Alivyoondoka midomo yake ilikuwa inasema kitu kirefu.

Nasikia kicheko cha mtoto kikipanda ngazini. Yuko chini na bibi yake. Nilimtumia salamu Mama Marcelline kwamba nimemteua mshauri mkuu, apande tu, kiti tutapokezana. Hakujibu. Ningefurahi angepanda. Nilijifuta macho kwa ncha ya taji, sasa shavu langu ni jekundu.

Sasa hivi amepanda Olive, yule dada Mrundi wa ghorofa ya pili, na beseni tupu. Nikadhani amekuja kuomba kamba ndefu. Nikamwambia maombi ni Jumatatu. Akanyoosha kidole nyuma ya kichwa changu, akaanza habari ya mawingu. Sikungoja amalize.