Macho Yangu Hayana Neno

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kapiga simu. Anakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Nilifurahi mpaka nikasimama. Halafu akasema anakuja kuyaangalia macho yangu. Nikakaa.

Nani kamwambia? Bingwa! Dereva mwenzangu wa pikipiki pale kituoni. Tangu nilipozigonga ndoo za muuza maji hajafunga mdomo, na namba ya binti anayo tangu alipompakia safari iliyopita. Binti kasema akinikuta sioni, pikipiki inauzwa, na mimi napelekwa hospitali ya macho. Nikamwambia macho yangu hayana neno. Kuna ukungu kidogo tu. Akauliza ni ukungu gani huo usioondoka mwaka mzima. Nikasema simu inakatakata, sikusikii.

Lililo kubwa sikumwambia. Tangu mama yake afariki, nyumba hii haina wa kuniuliza nimeamkaje. Abiria ndio wanaoniuliza. Wanapanda, wananisimulia wagonjwa wao, wapangaji wao, wakwe zao. Wakishuka nina la kufikiria mpaka jioni. Pikipiki ikiuzwa nitazungumza na nani? Na sufuria?

Mpango: Jumamosi namfuata mwenyewe kituo cha mabasi, nampakia, namfikisha mlangoni bila mkwaruzo. Atakiri mwenyewe kwamba baba anaona. Kazi imekwisha!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata macho! Yanavaa kanga na yanaishi mlango wa pili. Jirani yangu fundi cherehani, tunamwita Redio. Huyu hajawahi kuona kitu akakinyamazia. Leo nimempakia bure mpaka kibandani kwake. Njia nzima anasema: hebu ona lori lilivyoegeshwa vibaya, hebu ona mbuzi amelala katikati ya barabara, hebu ona dimbwi, na wakubwa wapo tu. Mimi kulia, mimi kushoto, utadhani kijana! Nikipunguza mwendo anauliza kulikoni. Namwambia namsikiliza. Alifurahi sana. Inaelekea na yeye hana wa kumsikiliza.

Mwenye macho haambiwi tazama, wamesema wahenga. Wahenga hawakuwa na Redio.

Jumamosi naenda naye. Kurudi tunapanda watatu, yeye katikati, akisimulia.

Jumatano, 5 Machi

Balaa!

Mtaani wameanza kusema naringa, napita watu bila salamu. Kwa hiyo siku hizi nasalimia kila kinachosimama. Wiki iliyopita nilimjulia hali pipa lililoanikiwa koti. Si hoja. Afadhali kusalimia pipa kuliko kumpita mkwe.

Basi leo konani nikaona mama wa heshima. Kitenge kipya, kilemba kikubwa, amesimama na watu. Nikazima injini, nikavua helmeti, nikasema shikamoo mama, kwa unyenyekevu wote. Kumbe Redio! Na wale ni wateja wake! Mimi nimemzidi umri, na yeye husema nimemzidi sana. Akaniuliza mbele yao kama niliwahi kumwona akichota maji na bibi yangu. Nikasema natania. Akasema utani huo nikamtanie mama yangu.

Jioni nilimgongea mlango na papai. Papai lilipokelewa. Mimi sikupokelewa.

Redio imezima. Macho yamekwenda.

Alhamisi, 6 Machi

Nani anahitaji macho? Nina pua! Njia ya kituo cha mabasi naijua kama chumba changu. Harufu ya mkate: nyooka. Mlio wa mashine ya kusaga: punguza mwendo. Harufu ya vanishi ya fundi sofa: hapo ndipo konani, kata kulia. Harufu ya dizeli: umefika, shuka.

Nikaenda kujaribu. Mkate, sawa. Mashine, sawa. Vanishi! Nikakata kulia.

Fundi sofa amehama. Kavuta vitu vyake kutoka konani, kaja huku kabla ya kona kufuata kivuli. Hakumtangazia mtu! Pikipiki iliishia mtaroni. Mimi niliendelea. Nilitua kwenye sofa la watu watatu, katikati kabisa, mikono magotini. Fundi akauliza kama nalichukua.

Nilikaa kidogo. Lilikuwa zuri. Ni zamani sijakaa kwenye kiti ambacho mtu mwingine angeweza kukaa pembeni yangu. Fundi akaniletea maji. Akasema kuna mama mwenye kichanga alikuwa ndiyo kwanza ameinuka hapo hapo. Hilo sitaki kuliandika zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Bingwa kaja mpaka kwangu. Kaniomba nimwachie yeye amchukue binti kesho. Kwa upole! Tusi la mtu yule nalivumilia, lakini huruma yake, hapana. Nikamwambia binti yangu atapakiwa na baba yake mzazi. Akasema vizuri, ila nimtazame usoni nikisema hivyo. Nikamtazama. Akasema yeye yuko upande huu.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Binti katuma ujumbe, mwenye duka kanisomea: atavaa gauni la manjano. Manjano! Rangi pekee ambayo haijanigeuka! Nimefagia nyumba, nimetandika kitanda cha binti, nimekunjua shuka la mama yake. Nimekaa nikalinusa. Halina harufu tena ila ya kabati.

Jumamosi, 8 Machi

Kwenda nilikwenda salama. Mbele yangu kulikuwa na mkokoteni wa matofali, msukumaji anaimba. Nikaufuata wimbo mpaka kwenye dizeli.

Basi likaingia. Watu wote vivuli vyenye mizigo. Halafu, hiyo hapo! Manjano! Ikaja moja kwa moja, ikaniamkia, ikasema twende upande wa mashine ya kusaga, baba. Mimi naishi nyuma ya mashine. Nikasema panda, mwanangu. Sauti ilikuwa imekwaruza, nikajua ni vumbi la safari. Nyuma yetu mtu aliita baba, baba. Kituoni kila mwanamume ni baba. Nikatia moto nikaondoka.

Alinishika kiuno. Maneno yakaja yote kwa pamoja. Nilimwambia nyumba imekuwa kimya mno. Nilimwambia bado napika wali wa watu wawili, kisha kesho yake nakula kiporo cha mwenzangu. Jioni nikifika naiacha pikipiki ingurume mlangoni kidogo, majirani wadhani nimepata mgeni. Nilimwambia kisu cha daktari sikiogopi. Naogopa kuwekwa kwenye kiti barazani, nisikilize miguu ya watu wanaokwenda kwa watu wao. Nikamwambia nimemkumbuka. Hilo nililisema mara nyingi.

Alizidi kunikumbatia. Nikajisemea, damu nzito kuliko maji! Moyo ukajaa, nikaona huyu hafai kufichwa kitu. Nikasema, mwanangu, ukweli ni kwamba Bingwa hakukudanganya. Baba yako haoni. Hata barabara hii tunayopita siioni.

Mayowe! Mtumee, mayowe gani yale! Nilifunga breki. Alikuwa chini kabla pikipiki haijatulia, kachomoa ufunguo, kaniletea uso wake mpaka puani mwangu. Ndipo nikauona. Mwanamke mgeni kabisa! Ni abiria tu, anakwenda kwa shangazi yake. Kumbe kule kunikumbatia kote ni kwamba nilikuwa nayumba.

Alinifokea mpaka pumzi zikamwisha. Kisha akauliza yale maneno yote yalikuwa ya nani. Nikamwambia ya binti yangu. Akashika usukani upande mmoja, mimi upande mwingine, tukaisukuma mpaka kwangu. Njia nzima ananiambia: shimo, jiwe, kuku, shimo.

Binti alikuwa amekaa kizingitini, na Bingwa aliyemleta amesimama pembeni. Gauni la manjano, kiatu kimoja mkononi. Aliniita kituoni. Aliponiona naondoka na mtu mwingine alinikimbiza mpaka kiatu kikakatika. Mgeni wangu akamkabidhi ufunguo na mimi. Akamwambia baba yako kanipa maneno yako yote huko njiani, mazuri sana, mwache ayarudie. Akaenda zake kwa shangazi yake.

Binti akanitazama, akangoja.

Nikamuuliza kama basi lilikuwa na nafasi.

Jumapili, 9 Machi

Leo sina mpango. Pikipiki imefungwa mnyororo. Redio kaja. Amesikia kwamba sioni, na amefurahi kupita kiasi! Kumbe hakuzeeka, ni mimi kipofu! Kanikumbatia. Kanisamehe. Ameusambaza ugonjwa wangu mtaa mzima kwa mapenzi makubwa.

Hospitali ni wiki ijayo. Mtoto wa jicho, binti anasema, si ukungu, na dawa yake ni kisu. Nilikuwa na jibu kali. Lakini kabla sijalitoa akasema kazini kaomba ruhusa, atakaa hapa mpaka nione vizuri.

Mpaka nione vizuri! Nikalimeza jibu langu. Usiku tulikula wali wa watu wawili, na watu walikuwa wawili.

Jumatano, 19 Machi

NAONA!

Jicho moja tu wamelifanya, jingine baadaye, lakini hilo moja, lo! Ukuta wangu ni wa kijani! Nilikuwa najua ni wa kijivu. Bingwa ana mvi! Muda wote huu namwita kijana! Buibui wametanda darini kama wapangaji wa siku nyingi. Na binti yangu. Binti yangu amekonda. Ana kikunjo kwenye paji la uso ambacho sikumwachia. Akidhani hatazamwi anajikanda shingo, vile vile kama mama yake. Nilimtazama mpaka akauliza nini. Nikasema hamna.

Daktari kasema nitie dawa, nisiinue mizigo, na pikipiki nisiiguse mpaka aniruhusu yeye. Nikaitikia kama mtoto wa shule.

Tuliporudi binti akauliza, haya baba, unaona sasa? Nilitaka kuruka! Nilikwishafumbua mdomo. Halafu nikaliona begi lake. Liko karibu na mlango, limefungwa zipu.

Nikasema bado kuna ukungu kidogo.

Ijumaa, 21 Machi

Huu ndio mpango bora kuliko yote niliyowahi kuipanga. Sijui kwa nini sikuufikiria mapema. Kutoona ni kazi rahisi sana kwa mtu anayeona!

Asubuhi nilimimina chai pembeni ya kikombe. Saa sita mchana, jua utosini, nikauliza kama wamewasha taa. Jioni tulikaa barazani, binti akanionyesha ng'ambo ya barabara, akauliza naona nini. Kulikuwa na mbuzi anabandua tangazo ukutani na kulitafuna. Nilimwona mpaka ndevu. Tangazo nililisoma mpaka alipofika! Nikakunja uso kwa muda, nikasema, lile si gari?

Binti akashusha pumzi. Akaingia ndani, akafungua begi, akaanza kutundika nguo zake msumarini, moja moja. Akasema basi atakaa wiki nyingine.

Ushindi!

Na si hilo tu. Nimeona anapoficha ufunguo wa mnyororo: nyuma ya kopo la chumvi. Kesho akienda sokoni nitaizungusha pikipiki kidogo. Mpaka konani tu. Daktari kakataza, lakini daktari haijui barabara hii.

Wakati anatundika gauni la mwisho alinipa mgongo, akacheka peke yake. Nilimwona kwenye kioo, wazi kabisa, mpaka meno. Nilitamani sana kumuuliza anacheka nini. Lakini mtu asiyeona hawezi kuuliza hivyo. Nikainuka kwenda kulala, nikajigonga mlangoni njiani, ili asije akashuku.