Dhahabu Isiyotaka Kushika Kutu

Ngonga, 1936

Kwa Bwana Mkubwa wa Madini, Chunya

Bwana Mkubwa, ndaga, kama tunavyosalimu sisi. Habari za huko kwenye vumbi? Huku kwetu mume wangu Raphaeli hajambo, ila mgongo. Binti yangu Neli hajambo, na mtoto wake ameota meno mawili, ya kawaida. Ng'ombe hajambo. Jembe letu limelika ncha lakini linakusalimu. Mwanangu Angetile hajambo sana, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

Alikwenda kuchimba huko kwenu akarudi na jino la mbele la dhahabu. Tangu hapo mdomo wake haufungi. Nasi tunamposea Tusekile, binti wa Mzee Hezroni. Juzi mzee huyo kafiwa na mama yake, tukaenda kuzika. Mchungaji akiwa katikati ya sala, jua likapiga lile jino. Mwanga ukarukia kitabu chake, ukapanda kwenye kipara cha mzee wa kanisa, watoto wa mgongoni wakaanza kuudaka kwa mikono, na wafiwa wakacheka. Mzee Hezroni akasema mbele ya watu wote, "Anayemchekea mama yangu kaburini hataoa kwangu."

Mwanangu hana kosa. Kosa ni la dhahabu yenu, nami naishtaki hivi:

1. Haishiki kutu. Bangili yangu ya shaba hugeuka kijani nisipoisugua kwa majivu, na jembe likilala kwenye umande linaamka jekundu. Madini yenye adabu huchoka. Naomba Serikali iifundishe dhahabu kutu, angalau siku za msiba.

2. Ni laini. Angetile mwenyewe anasema ukiing'ata inabaki na alama. Sasa kitu cha kung'atwa kimefanywa cha kung'atia, na Serikali inaangalia tu.

3. Ni adimu, na ubaya wote uko hapo. Chuma kimejaa milimani kwa Wakinga, ndiyo maana hakuna anayesimama njiani kuchungulia jembe la mtu. Basi na dhahabu iongezwe. Imwageni, kila mtu apate jino: wazee wa kanisa, mchungaji, hata ng'ombe wa Mzee Hezroni. Tukizika, makaburini kutawaka kama ziwa saa sita mchana, na mwanangu hataonekana. Majembe tu yaacheni ya chuma, maana la dhahabu litajikunja kwenye tope la mpunga, tufe njaa tunang'aa.

4. Kama haiongezeki, irudisheni yote chini mlikoitoa, mshindilie vizuri. Jino letu tutalileta wenyewe, likiwa bado limo kinywani mwa kijana.

Msalimie bibi yako, mpishi wako, na mama yako popote alipo, najua anakuwaza. Wasalimie na vijana wa Ndandalo wanaochimba huko, waambie mama zao wapo. Nijibu upesi, Mzee Hezroni asije akapokea posa nyingine.

Ni mimi mwenye wasiwasi,
Damari, mama yake Angetile

Baada ya kufunga: Nimeifungua tena bahasha. Mzee Hezroni katoka hapa sasa hivi. Harusi ameikubali, ila naye anataka jino kama la mkwewe. Kwa hiyo dhahabu msiiongeze hata kidogo, isije ikawa ya kila mtu. Na mimi nina pengo, juu kushoto, linaonekana nikicheka. Chuma msiniletee, kinashika kutu.